Jiwe la Visu Vilivyorudi

Kwa majuma mawili baada ya mazishi ya Mama Perusi, kisu kile kilikaa mezani kwangu hapa Kibondo, kando ya kopo la sukari, nami nikawa nakipita kwa mbali kama mtu anayemkwepa mgeni aliyekataa kuondoka. Ni kisu cha kukunja, cha mfukoni, mpini wa mninga, urefu wake haufiki kiganja kikifungwa. Kilikuwa kimelala sandukuni zaidi ya miaka ishirini, kimeviringishwa katika kipande cha kanga, na hakina kutu hata doa. Ukimwonyesha mtu asiyejua, atakuambia kimenunuliwa dukani jana. Siku ya tatu nikajipa moyo, nikakifungua, nikajaribu kukata kitunguu. Kiliteleza juu ya ganda, kikakiponda kitunguu ubavuni, kikaishia hapo. Nililia, na harufu ya kitunguu ilikuwa hata haijatoka. Mume wangu alichungulia kutoka uani, akaona nimeshika nini, akarudi zake kwenye mizinga yake. Anakijua kisu kile kama ninavyokijua mimi.

Alinipa Perusi mwenyewe, siku tuliyomzika mama yake kule Heru Juu, shambani, kando ya mumewe, Mzee Bukuru. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani ya migomba, ugali wa muhogo unapitishwa, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuegemeza mgongo. "Dada Yustina," akasema, "Mama alisema ukija nikupe hiki. Alisema wewe utajua." Nilijua, ndiyo. Lakini kujua kwenyewe hakukunisaidia kitu mwaka ule, na hakunisaidii sasa. Perusi aliolewa mbali kabla sijafika pale kwao, kwa hiyo yaliyotokea hakuyaona. Aliniangalia akingoja maelezo, nikashindwa pa kuanzia, nikamwambia tu asante. Ndiyo maana naandika.

Jinsi nilivyofika kwa Mzee Bukuru, na nani alinipeleka, na kwa nini, ni habari ndefu isiyomfaa mtu. Itoshe kwamba nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, mikono yangu ina utulivu, na Mzee alihitaji mtu wa kutia mipini. Alikuwa mhunzi. Ruganda lake, ndivyo tunavyoita kiwanda cha uhunzi kwetu, lilikuwa banda la udongo lenye paa la bati lililokwisha kuwa jekundu kwa kutu. Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma yake, ukuta mmoja tu katikati, na katika ukuta huo mlikuwa na ufa wa upana wa vidole viwili mahali fito zilipoachana. Nilikuwa na benchi, kipande cha kinoo, tupa mbili, msumeno mdogo na kopo la misumari ya kukata pini. Kutwa nzima nilisikia moto. Mzee alikuwa ameunganisha gurudumu la baiskeli na feni ya bati, analizungusha kwa mkono wa kushoto na kushika koleo kwa mkono wa kulia, hivyo alifanya kazi peke yake. Chuma kikiiva alikizamisha kwenye mawese, na harufu ya mawese yaliyoungua ikapenya kwenye ufa ikanitia njaa. Mpaka leo mtu akikaanga kitu kwa mawese namkumbuka mzee yule kabla sijakumbuka chakula.

Pale kwake palikuwa na mambo mawili ambayo hayakujadiliwa. La kwanza, mwanamke hasogei motoni chuma kikiwa ndani, wala hasemi. Akisema, moto unazimwa, ruganda linafagiwa, na kazi ni kesho. Mimi sikulipenda jambo hilo, na silipendi hadi leo, lakini nilikuwa mgeni wa watu. La pili lilihusu jiwe. Mlangoni mwa nyumba, upande wa kulia ukiingia, palikuwa na jiwe bapa jeusi, kimo cha goti. Mtu aliyenunua kisu kikamshinda, labda pini imelegea, labda mpini umepasuka, labda makali yamekataa, hakuja kulalamika. Alikiweka kisu juu ya jiwe, mpini ukielekea mlangoni, akaingia akasalimia, akakaribishwa togwa, akazungumza habari za mvua na watoto, akaondoka. Kisu hakitajwi. Mzee akitoka asubuhi alipitisha kiganja juu ya jiwe, akakichukua kilichopo, akakirekebisha. Baada ya siku chache kisu kilikuwa pale pale, makali yamefunikwa na jani, mwenyewe akakifuata. Nilipofika niliona ni upuuzi, watu wazima kushindwa kusema kitu hakifanyi kazi. Baadaye nikaona ni heshima ya namna yake, kwa sababu kisu hakirudishwi kwa mtu usiyeamini kwamba anaweza kukitengeneza.

Chuma kile kisichoshika kutu kililetwa na Papa Faida. Alikuwa mkimbizi wa Kongo, anakaa kambini Nyarugusu, na kwao alikuwa fundi wa mashine. Alikuja kwa Mzee Bukuru siku za ruhusa, kwa baiskeli, na walipendana kama watu waliozaliwa nyumba moja, ingawa kila mmoja alisema Kiswahili cha mwenzake hakieleweki. Siku hiyo alishusha kutoka kwenye karia kifurushi cha gunia. Ndani mlikuwa na vyuma vya mviringo, virefu, vinene kama kidole gumba, vinang'aa. Zilikuwa shafti za pampu za visima, zimekatika, zimetupwa.

"Stenlesi hiyo," Mzee akasema nikiwasikia kwenye ufa. "Chuma cha masufuria. Hakina makali hicho, Papa. Mimi nimekijaribu zamani."

"Hapana, Mzee. Ile ya masufuria njo ingine. Ile sumaku inaikatalaka. Angalia hii." Nikasikia mlio mdogo, sumaku ikigonga chuma na kubaki hapo. "Umeona? Inakamata. Inoksi yenye kukamatwa na sumaku, ile inaweza kupata makali. Iko na namba yake, nimesahau. Batu benyi habaijui."

"Na moto wake?"

"Moto wake njo kazi."

Alimweleza taratibu, na kila neno nililisikia. Mzee Bukuru maisha yake yote alitengeneza visu kwa springi za magari, na springi ina sheria moja: itoe ikiwa na rangi ya chikichi iliyoiva, nyekundu ya kukolea, uizamishe. Ikipita hapo imeungua. Hiki cha pampu, Papa Faida akasema, kikitolewa kwenye rangi ya chikichi kinabaki kibichi. Kitang'aa, kitapendeza, na hakitakata. Lazima kipite, kifike rangi ya mawese mapya ukiyainua kwenye chupa juani, kisha kikae hapo, usiwe na haraka, ndipo ukizamishe. Kikizidi hapo, kikafika rangi ya ndizi mbivu, kinavunjika kama kigae. Nafasi katikati ni ndogo. "Jicho, Mzee," akasema. "Hii haitaki mukono. Inataka jicho."

Bapa la kwanza walilifanya pamoja, Papa anazungusha gurudumu na kusema "bado, bado, ngojea," Mzee ameshika koleo. Nililipokea likiwa bado lina mafuta, nikaanza kulipunguza kisigino ili likae kwenye mpini. Tupa iliteleza. Ilipiga kelele kama kwenye kioo na haikula kitu, ikabidi nitumie kinoo, na kazi ile ikanichukua asubuhi yote. Nilipomaliza nikapiga pini, nikakifungua, nikakifunga, kikatoa ule mlio wake. Mzee alikishika, akanyoa vinyweleo vya mkononi mwake, si safi sana kama kwa kisu cha springi, akakunja uso. Kisha akakata limao, akakiacha hivyo hivyo kimelowa dirishani mpaka kesho yake. Kisu cha springi kingekuwa cheusi. Hiki kilikuwa kama kilivyokuwa. Mzee akacheka, akamwita mkewe: "Mama Perusi, njoo uone chuma kinachokataa kuzeeka!"

Waliokitaka zaidi walikuwa warina asali wa Kibondo. Kisu cha kawaida kikikaa kwenye asali kinatoa weusi, na asali inashika ladha ya chuma, wanunuzi wanakunja midomo. Wa kwanza kukijaribu alikuwa kijana mmoja mrefu, mwenye maneno mengi, jina lake Zakaria, aliyekuja Kasulu kuuza nta. Alirudi baada ya mavuno akiwa na sega zima kwenye ndoo. "Onjeni," akasema, "onjeni mniambie kama mnasikia msumari." Hatukusikia msumari. Aliniangalia mimi akisema hivyo kuliko alivyomwangalia Mzee, na baadaye akaja kunioa, lakini hayo si ya mwaka ule. Tangu hapo warina asali walikuja, au waliagiza kwa wenye malori, na Mzee Bukuru akawa anatembea mgongo umenyooka. Kanisani watu walimshika mkono mara mbili. Ilikuwa ni miezi michache ya furaha, na nafurahi kwamba tuliipata.

Kisha kambini mambo yakabanwa, ruhusa za kutoka zikawa ngumu, na Papa Faida hakuonekana tena. Mzee akabaki peke yake na moto. Sikumbuki siku, nakumbuka mkono. Nilichukua bapa, nikaliweka kwenye kibano, nikapitisha tupa, na tupa ikala. Unga mweupe wa chuma ukaanguka juu ya benchi kwa wingi. Kazi ya asubuhi nzima niliimaliza chai ikiwa bado ya moto. Nikachukua la pili, tupa ikala. La tatu vilevile. Nilikaa na kazi rahisi mikononi, nikaelewa maana yake, kwamba chuma kinacholiwa na tupa kimebaki kibichi, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikasogea kwenye ufa. Mzee alikuwa akizungusha gurudumu, uso ameusogeza karibu na moto kuliko zamani, machozi yanamtiririka. Bapa lilikuwa jekundu, rangi ya chikichi kabisa, haijapita hata kidogo. Akasema kwa sauti ndogo, akijisemea, "Mawese," akalitoa, akalizamisha.

Ndipo nikaanza kukumbuka mambo ya mezani. Jikoni kwa Mama Perusi palikuwa na giza zuri, moshi umepaka nyeusi kila kitu, na sote tulikula humo mvua ikinyesha: ugali wa muhogo, maharage yenye mawese, dagaa siku zilipopatikana. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimeona Mama Perusi akimwekea mumewe bakuli mkononi badala ya kuliweka chini. Niliona akimwambia "maharage yako kushoto," kama vile ni mazungumzo. Niliona Mzee akikodoa mlango watu wakiingia, kisha akingoja wasalimie ndipo awataje majina. Mwanga wa mlangoni ulimmwagikia machoni, na moto nadhani ulikuwa hivyo hivyo, kila chekundu kwake kilikuwa kimekwisha kuwa cheupe. Katika jicho la kulia, ukimwangalia kwa upande, kulikuwa na ukungu kama wa maji uliyooshea mchele. Kwa springi mkono wake ulijua, alihesabu mizunguko ya gurudumu bila kujua anahesabu, alisikia chuma kinavyolia. Chuma hiki cha pampu mkono wake haukukijua. Kilitaka jicho, na jicho ndilo lililokuwa likiondoka.

Nilimwambia Mama Perusi tukimenya mihogo. Hakuacha kumenya. "Tangu mwaka jana," akasema. "Ulidhani sijui? Nalala naye."

"Basi aende kutazamwa, Mama. Kule kambini wamekuja wataalamu wa macho, kila mtu anasema."

"Nilimwambia. Akaniuliza kama nimemchoka." Akatupa muhogo kwenye maji. "Mwana wanje, sikiliza. Baba yake aliacha moto mwezi wa mavuno, hatukumaliza maharage yale tumemzika. Kaka yake hivyo hivyo. Wanaume wa nyumba hii wakiacha moto hawakai. Huyu nitamwambia haoni, ataacha, halafu? Wewe utanipa mwingine?" Akalia, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na utomvu. "Ego, ndiyo, visu havikati. Vikate, visikate, lakini yeye aamke asubuhi awashe moto."

Nilikuwa na macho mazima, nilikuwa na ufa, nilikuwa naona rangi wazi kama ninavyoiona karatasi hii, na kulikuwa na ukuta na desturi katikati. Siku moja ikanishinda. Nilikuwa nimesimama kwenye ufa, akasema "Mawese" kwa ile sauti yake ndogo, nami nikapiga kelele: "Bado, Baba! Bado!" Gurudumu likasimama. Kisha nikasikia maji yakimwagwa motoni, na baadaye ufagio. Alifagia ruganda mwenyewe, taratibu, pembe zote. Mchana alikula bila kuinua kichwa, mimi nikingoja kufukuzwa. Alipomaliza akanawa, akasema, "Yustina. Macho yako ni mazima. Uyatunze." Akatoka. Mama Perusi aliniangalia mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Visu vikaanza kurudi. Wenye visu wa kwanza waliokuja walikuwa wa karibu, kisha wakaja wa Buhigwe, kisha wa Kibondo. Waliweka kisu juu ya jiwe, mpini ukielekea mlangoni, wakaingia wakanywa togwa. Zakaria naye alikuja, safari hiyo na kisu alichomnunulia babake mdogo. Mtu yule ambaye hakunyamaza hata akitafuna alisifu tu mvua, akasifu kuku, akaniaga. Mama Perusi alikuwa amekwisha kukitwaa kisu kile kabla Zakaria hajamaliza kikombe. Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu. Yeye aliamka kabla ya jogoo, akatoka na kanga kichwani, akaondoa vilivyokuwa juu ya jiwe, akavizika kwenye chungu cha maharage ya mbegu. Mchana niliangalia mimi, nikisikia miguu ya mtu uani najitokeza haraka kama paka. Wenye visu tukawapa kimyakimya vya springi vya zamani vilivyobaki kwa Mzee, wakavipokea bila kuuliza. Hakuna aliyeuliza kitu. Wilaya nzima, nadhani, ilikuwa imekwisha kuelewa, na wilaya nzima ikamhurumia, na mimi nikaichukia huruma ile huku nikiifanyia kazi. Nilijaribu jambo moja zaidi. Nilitia visu kadhaa kwenye kikapu chini ya viazi vitamu, nikaenda mpaka soko la nje ya kambi kumtafuta Papa Faida. Nilimpata. Alivitazama, akavunjika moyo, ikaonekana usoni kabla hajasema. "Chuma hakina kosa, mama," akaniambia. "Ukikirudisha ku moto muzuri, kitakuwa kisu. Chuma hakikasirikake." Akanitengenezea viwili kwenye kimoto kidogo cha vifuu vya chikichi, vikakata kama vya kwanza. Niliporudi na vingine soko lilikuwa limefungwa, hakuna mtu, karatasi tu zinapeperuka. Nikabeba viazi vyangu nikarudi Heru Juu.

Mwisho wa mvua Papa Faida alipata ruhusa, akaja. Mama Perusi alichinja kuku, na wakati tukimnyonyoa wale wawili walikaa ruganda bila moto. Nilikwenda benchini kuchukua kisu cha kukatia, na sauti zikanifikia kwenye ufa.

"Tangu Papa uache kuja," Mzee akasema, "hakuna kisu hata kimoja kilichorudi juu ya lile jiwe."

"Iko muzuri, Mzee. Maana kazi iko muzuri."

"Papa. Mimi nimefua chuma tangu sina ndevu. Kila mwezi kuna kisu kinarudi. Mtu amefungulia chupa, mtu kakaa juu yake, pini imelegea. Vikiwa vizuri vinarudi, vikiwa vibaya vinarudi. Mhunzi gani anapitisha mkono asubuhi, jiwe tupu, kesho tupu, mwezi tupu? Halafu jiwe lenyewe halina umande. Kila mahali umande, pale pakavu. Kuna mtu anapapangusa kabla yangu."

Papa Faida alianza kusema, Mzee akamkatiza.

"Na bapa nalishika na dole gumba kabla sijampa yule mtoto. Unadhani dole gumba nalo limepofuka? Ni vibichi. Najua ni vibichi. Najaribu tena, naona mawese, nalitoa, ni kibichi."

"Basi ubaambie, Mzee. Ubaambie unajua, mupumuzike wote."

"Mama Perusi anaamka alfajiri kila siku kwa ajili ya jiwe lile. Na baridi hii ya Heru. Nikimwambia najua, ataamkia nini?" Nikasikia kigoda kikisogezwa. "Usiwaambie, Papa. Waache. Wanafanya kazi nzuri sana."

Nilisimama na kisu mkononi mpaka Mama Perusi akaniita kwa ukali, manyoya yanapoa. Nilirudi, nikamtazama akichuna kuku yule, kanga imempanda begani, miguu imepasuka kwa umande. Ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba yule anayemficha naye anamficha yeye? Ningekuwa nimemwondolea kitu pekee alichokuwa akimfanyia mumewe. Kwa hiyo siri ikawa na kuta tatu, na mimi nikawa katikati yake. Nilikasirika, nikawahurumia, nikatamani kuwapigia kelele wote wawili. Nilichofanya ni kushika bawa la kuku ili alikate vizuri.

Bapa la mwisho alilifua kiangazi kilipoanza. Sikuchungulia. Nilisikia gurudumu likizunguka muda mrefu kuliko kawaida, likasimama, nikasikia mawese yakichemka. Alilileta mwenyewe chumbani kwangu, akipapasa ukuta, akaniambia nilitie mpini wa mninga, niutie uzuri wote ninaoujua. Tupa ikala kisigino kama mkate. Nilikaa na mpini ule siku tatu. Kilipokamilika alikichukua jikoni, akamwekea mkewe kiganjani. "Cha kumenyea," akasema. "Nimewatengenezea watu wote, wewe sikukutengenezea."

Mchana ule Mama Perusi alimenya mihogo kwa kisu chake cha zamani cha jikoni, kilichokwisha kuwa chembamba kama jani. Alifanya polepole ili kisitoe mlio wake. Tulipokaa kula, alikiweka kile kipya kando ya sinia, wazi, kinang'aa, akakigongesha kidogo kwenye bati ili Mzee asikie.

"Kinakata?" Mzee akauliza.

"Kinakata sana, baba Perusi."

"Yustina, kinakata?"

"Kinakata, Baba."

Mzee akatabasamu, akachovya tonge. "Ego," akasema. "Nami naona kinakata." Tukala. Mihogo ilikuwa laini, ya msimu mpya. Nadhani ndio mlo mgumu kuliko yote niliyowahi kumeza.

Hakuwasha tena moto, na hakufa. Hilo ndilo jambo ambalo siku nyingine linanichekesha na siku nyingine linanikosesha usingizi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kipofu kabisa, mnene kidogo, akibembeleza wajukuu. Tungeweza kumwambia. Angeweza kutuambia. Nilipokuwa nikienda kuwasalimia baada ya kuolewa nilimkuta daima mahali pale pale, kwenye kigoda mlangoni, kiganja juu ya jiwe, akilipapasa kama mtu anayempangusa mtoto kichwani. Lilikuwa tupu. Watu walipita wakasalimia "Mwakeye, Mzee," naye akawajibu kwa majina, na hakuna aliyeweka kitu hapo kamwe. Mama Perusi alimenya kwa kisu chake chembamba mpaka uzee wake, na kile cha mninga akakifunga kwenye kanga.

Jumamosi iliyopita nilirudi Heru Juu kuondoa msiba. Zakaria alisema kijana wa Papa Faida yuko kambini bado, anafanya kazi ya baba yake, ana moto mzuri; tungeweza kupita pale njiani, akakirudisha kisu motoni, kikawa kisu. Nilimwambia hapana. Ruganda limekwisha kuanguka, mvua imelila, lakini nyumba ipo na jiwe lipo, kimo cha goti, kulia ukiingia. Niliwahi kufika, umande ulikuwa bado haujakauka. Nilikitoa kile kisu kwenye kanga, nikakiweka juu ya jiwe, nikakigeuza mpini uelekee mlangoni, kisha nikaingia, nikasalimia, nikapewa togwa. Tukazungumza habari za mvua. Perusi alitoka kumwaga maji, akakawia, akarudi akasimama kizingitini.

"Dada," akasema, "kile kisu cha Mama kina nini?"

Kikombe kilikuwa mkononi. Nikakiweka chini.

"Hakikati," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza hakikati."